Kila Mbinu na Msimu Wake

Nilijifunza Kijerumani nikiwa mtu mzima, mama wa watoto na mwalimu wa historia, kwa sababu moja: nilitaka kusoma mwenyewe. Pale Upanga, Dar es Salaam, Kumbukumbu za Taifa zinatunza majalada yaliyoachwa na utawala wa Kijerumani, utawala ulioanza mwaka 1885 na kung'olewa na Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza majalada hayo katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Ndani yake mna habari za kodi, mashamba, kesi, barabara, magonjwa, shule, na vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mimi ni mzaliwa wa Songea. Nilikua nikisimuliwa, kwa Kingoni na kwa Kiswahili, habari za wazee wetu walionyongwa tarehe 27 Februari 1906. Upande wa pili wa habari hiyo, yaani yale ambayo watawala waliandikiana wao kwa wao, ulikuwa katika lugha nisiyoijua. Niliwasoma wanahistoria walioyapitia majalada hayo kabla yangu, na ninawashukuru, lakini kiu yangu haikukatika.

Wanaojifunza lugha ya pili huuliza swali moja kila mahali: mbinu ipi ni bora? Nimeulizwa na wanafunzi wa kidato cha kwanza wanaohangaika na Kiingereza, na vijana wanaojiandaa kwenda Ujerumani kusomea uuguzi, na wageni wanaokuja kwetu kujifunza Kiswahili. Jibu langu limetoka katika miaka ile ya Kijerumani, nami nalisema bila kusita: hakuna mbinu iliyo bora siku zote. Mbinu iliyokupandisha ngazi ya kwanza inaweza kukuzuia katika ngazi ya tatu. Jembe lililopalilia mahindi halivuni, na mkulima hulijua hilo bila kuambiwa. Mwanafunzi wa lugha huhitaji kuambiwa, kwa sababu mbinu iliyomfaa jana humpa raha leo pia, hata pale inapokuwa imeacha kumzalishia chochote.

Nilianza kwa kukariri, maana ndivyo nilivyolelewa. Parokiani tulikariri katekisimu, swali na jibu. Shuleni tulikariri majedwali ya kuzidisha na beti za mashairi. Siku hizi wataalamu wengi wa elimu hulitaja neno kukariri kwa kukunja uso. Mimi natetea kukariri, kwa sababu Kijerumani humpokea mgeni kwa mzigo ambao akili peke yake haiubebi. Kila nomino ina jinsi yake, moja kati ya tatu, na jinsi hiyo huonekana katika neno dogo linaloitangulia: der, die au das. Mara nyingi hakuna dalili yoyote katika nomino yenyewe ya kukuambia ni ipi. Msemaji wa Kiswahili ana nafuu kidogo, kwani ameshazoea kwamba jina la kitu hutawala maneno yanayolifuata: mti mrefu umeanguka, kiti kirefu kimeanguka. Hatushangazwi na upatanisho. Lakini ngeli zetu nyingi hujionyesha mwanzoni mwa neno, na jinsi za Kijerumani hujificha. Asiyekariri hapo hana pa kupita.

Nikajiwekea sharti: sitajifunza nomino bila der, die au das yake, wala sitaitamka peke yake. Niliandika nomino za jinsi moja kwa wino wa bluu, nyingine kwa mwekundu, nyingine kwa kijani, na kila nilipoandika nilitamka kwa sauti. Kisha nikatumia sanduku la kadi. Mtindo huo ulielezwa mwaka 1972 na mwandishi Sebastian Leitner, na kuufuata ni rahisi. Neno huandikwa upande mmoja wa kadi, maana yake upande wa pili. Sanduku hugawanywa vyumba. Ukijibu sawa, kadi husogea chumba cha mbele, ambako itaulizwa tena baada ya muda mrefu zaidi. Ukikosea, kadi hurudi chumba cha kwanza, ambacho hupitiwa kila siku. Mimi nilitumia boksi la viatu na vipande vya karatasi ngumu nilivyokata kwenye majalada mabovu ya shule.

Nguvu ya sanduku hilo imejengwa juu ya jambo lililojulikana zamani. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Kijerumani, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Alionyesha kwamba kusahau huja kwa kasi mwanzoni, kisha hupungua, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku nyingi hushinda marudio yaliyorundikwa katika siku moja. Mwaka 2006, huko Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliongeza jambo ambalo kila mwanafunzi wetu angepaswa kulijua. Waliwapa wanafunzi matini wayasome. Wengine waliyarudia kwa kuyasoma tena, wengine waliyafunga na kujaribu kuandika walichokumbuka. Dakika tano baadaye, waliosoma tena ndio waliokumbuka zaidi. Wiki moja baadaye matokeo yaligeuka: waliojitahini ndio waliobaki na mengi. Kusoma tena hutupa hisia kwamba tumeshika. Kujiuliza kitabu kikiwa kimefungwa ndiko kunakotushikisha kweli. Nilipoyasoma hayo niliwafikiria wanafunzi wangu, ambao usiku wa kuamkia mtihani hupitisha macho juu ya daftari lilelile mara nyingi, na hakuna aliyewahi kuwaambia walifunge.

Basi kukariri kulinipa msamiati wa mwanzo, kulinipa jinsi za nomino, kulinipa miishio ya vitenzi. Halafu kulikoma kunipa. Kadi ziliongezeka na boksi likajaa, lakini nikifungua ukurasa wa kitabu cha kawaida cha Kijerumani nilikuwa natambua maneno bila kuelewa sentensi. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, wakasema hawana kipaji cha lugha. Dawa wanayojaribu kwanza ni kuongeza kadi, kwani kadi ndiyo njia wanayoiamini. Lakini shida ya msimu huu haiko kwenye maneno, iko kwenye mpangilio. Katika Kijerumani kitenzi kinaweza kukaa mwisho kabisa wa sentensi ndefu, kikiwa kimeachana na mtenda wake kwa mistari mitatu. Kitenzi kingine hukatwa, kipande kikawekwa mwanzoni na kipande kikatupwa mwisho, na maana haikamiliki mpaka uvikutanishe. Hakuna kadi inayofundisha hilo. Linafundishwa na kurasa nyingi.

Nikahamia kwenye kusoma kwingi. Nilisoma vitabu vya watoto, kisha hadithi zilizorahisishwa kwa wanafunzi, zile zinazoandikiwa ngazi maalumu kuanzia A1, ngazi ya mwanzo kabisa. Watu wazima huona haya kushika kitabu chenye picha ya sungura, na haya hiyo huwagharimu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 na Marcella Hu na Paul Nation ulionyesha kwamba msomaji huhitaji kuyajua takriban maneno 98 kati ya kila 100 ili aelewe hadithi vizuri bila msaada. Maana yake ni kwamba kitabu kilicho sawa na ngazi yako ni kile kinachoonekana rahisi. Ukichukua kigumu kupita kiasi hutakuwa unasoma tena, utakuwa unafukua. Kufukua kuna msimu wake pia, nami niliufikia baadaye, lakini anayeanza nako huchoka kabla lugha haijampa chochote.

Katika msimu huo nilijitungia taratibu ambazo mpaka leo nawapa wengine. Kwanza, sikufungua kamusi kwa neno lililotokea mara moja. Kama neno ni la maana, litarudi, na likirudi litakuja na majirani wengine watakaonidokezea maana yake. Pili, katika sentensi ndefu nilikwenda kwanza mwishoni kutafuta kitenzi, nikakipigia mstari, kisha nikarudi mwanzo kuuliza nani alitenda na nini kilitendwa. Tatu, maneno yale marefu ya Kijerumani yaliyounganishwa niliyaanza kutoka mwisho. Hüttensteuer, kwa mfano, limejaa katika majalada ya utawala, kwa sababu kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwishoni mwa miaka ya 1890. Sehemu ya mwisho, Steuer, ni kodi. Sehemu ya kwanza inasema ni kodi ya nini. Kiswahili hutanguliza kitu chenyewe ndipo kikaeleza, Kijerumani huanza na maelezo. Mwenye kulijua hilo hulivunja neno la herufi 20 bila woga. Nne, nilijiruhusu kukisia na kusonga mbele nikiwa sina hakika kamili. Joan Rubin, Mmarekani aliyeandika mwaka 1975 kuhusu tabia za wanafunzi hodari wa lugha, aliweka jambo hili mbele kabisa: mwanafunzi hodari yuko radhi kukisia, na hukisia kwa makini.

Wakati huo nilitafuta pia watu waliopita njia hii kabla yangu, maana Waswahili na Wajerumani wamekuwa wakijifunza lugha za wenzao tangu karne ya 19. Aliyenitia moyo kuliko wote ni Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844. Katika nyumba ya baba yake wasichana walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Yeye alijifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1867 alihamia Hamburg akiwa mke wa mfanyabiashara wa Kijerumani, akaitwa Emily Ruete. Miaka mitatu baadaye mumewe alifariki kwa ajali, akabaki na watoto wadogo katika nchi ya watu. Mwaka 1886 kumbukumbu zake zilichapishwa Berlin kwa Kijerumani. Mwanamke aliyeanza kuandika kwa kunakili herufi peke yake alikuja kuandika kitabu katika lugha aliyoipata ukubwani. Naona katika maisha yake mbinu mbili za misimu miwili: kunakili kwa mkono alipokuwa peke yake, na kuishi ndani ya lugha alipozungukwa nayo. Hakung'ang'ania ya kwanza ilipofika zamu ya pili.

Upande wa wanaojifunza Kiswahili nilimsoma Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyefika Unguja mwaka 1864. Mwaka 1870 alichapisha kitabu cha kufundishia Kiswahili, na mwaka huohuo akatoa mkusanyiko wa hadithi za Kiswahili alizosimuliwa na watu wa Unguja. Vitabu hivyo viwili kutoka pamoja ni funzo tosha. Anayeomba msamiati hupewa maneno yaliyokatwa. Anayeomba hadithi hupewa maneno yakiwa kazini, pamoja na jinsi watu wanavyosalimiana, wanavyokanushana, wanavyoapa, wanavyofupisha. Wageni wanaokuja kwangu kujifunza Kiswahili nawapeleka kwa wazee wakasimuliwe, na wiki chache baadaye nasikia katika sauti zao mapigo ambayo hakuna zoezi la sarufi lingewapa.

Wajerumani nao walijua kwamba sarufi haitoshi. Mwaka 1887 ilifunguliwa Berlin Semina ya Lugha za Mashariki, na huko maofisa waliotumwa Afrika Mashariki walifundishwa Kiswahili. Mtaalamu wa Kijerumani alifundisha kanuni, na msemaji mzawa aliwafanyisha mazoezi ya kusema. Kuanzia mwaka 1900 mmoja wa wazawa hao alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake ndiyo msingi wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Nilipogundua hayo nilinyamaza kwa muda. Watawala walikuja kwetu wakiwa wamefundishwa lugha yetu na mtu wetu. Walijua kwamba asiyejua lugha hutegemea mkalimani, na anayetegemea mkalimani husikia kile tu anachoamuliwa asikie. Nami nilikuwa natafuta uwezo huohuo kwa upande wetu.

Kwa msukumo huo niliingia msimu wa tatu, wa kusema. Mtu anaweza kuuliza, na niliulizwa: anayetaka kusoma majalada ya watu waliokufa anahitaji kuzungumza kwa nini? Jibu ni kwamba kusema hufichua mapengo ambayo kusoma huyafunika. Msomaji hupata maana kwa kuokota maneno makubwa na kuruka madogo. Msemaji hana pa kuruka. Merrill Swain aliandika mwaka 1985 juu ya watoto wa Kanada waliosomeshwa masomo yao kwa Kifaransa kwa miaka. Walielewa Kifaransa vizuri sana, lakini usemaji wao ulibaki na kasoro nyingi za kisarufi. Alihitimisha kwamba kusikia na kuelewa havitoshi: mwanafunzi anahitaji kusukumwa atoe lugha, kwa usahihi, mbele ya mtu.

Mimi nilimpata mtu huyo nyumbani kwetu. Peramiho, si mbali na mji wa Songea, ina abasia ya Wabenediktini ambao walianza kazi pale mwaka 1898, na kwa vizazi kadhaa watawa wengi walitoka Ujerumani. Wakati wa likizo nilimwomba padre mmoja mzee, aliyekaa kwetu miaka mingi kuliko umri wangu, anifanyishe mazoezi. Tulipatana kubadilishana: yeye alitaka kusikilizishwa simulizi za Kingoni, mimi nilitaka kusemeshwa Kijerumani.

"Shikamoo, Padre."

"Marahaba, Mwalimu. Leo umesoma nini?"

Ningetaja nilichosoma, naye angesema, "Haya, funga kitabu. Nisimulie."

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Nilisimulia kwa Kijerumani ukurasa niliotoka kuusoma, na nilipokwama nilijua papo hapo nilichokosa. Baadaye, nikirudi kwenye ukurasa uleule, jicho liliona lile lililokuwa limepita bila kuonekana: kihusishi, mwisho wa kivumishi, mahali pa kitenzi. Tuliwekeana pia mpaka wa masahihisho. Kila siku nilimtajia Padre aina moja tu ya kosa la kunisahihisha, labda mahali pa kitenzi, na mengine ayaache yapite. Mwanafunzi anayesahihishwa kila kitu hunyamaza. Anayesahihishwa jambo moja, siku hiyo hulishika.

Kulikuwa na ugumu mwingine usiotajwa katika vitabu vingi vya mbinu. Katika malezi yetu, mdogo hamkatizi mkubwa. Mzee akisema jambo usilolielewa, unaitikia kwa heshima na kutafuta maana yake baadaye. Adabu hiyo ni njema na sitaki ipotee, lakini darasani kwa mwanafunzi wa lugha hugeuka kizuizi. Nilizungumza na Padre waziwazi juu yake. Akanipa ruhusa ya kumkatiza kwa maneno matatu ya Kijerumani tuliyokubaliana, na kwa kuwa ruhusa ilitoka kwake, sikujisikia namvunjia heshima. Tangu hapo nimeamini kwamba mbinu za kijamii lazima zishonwe kwa kitambaa cha mahali. Mwalimu anayewaambia wanafunzi wetu "ulizeni tu" bila kuwafungulia mlango wa adabu anawaomba kitu ambacho nyumbani wamekatazwa.

Kisha nikarudi Upanga, na huko msimu wa nne ulinisubiri. Majalada mengine yamepigwa taipureta, na hayo niliweza kuyasoma. Lakini mengi yameandikwa kwa mkono, kwa mwandiko wa Kurrent, uliofundishwa katika shule za Ujerumani mpaka mwaka 1941. Herufi zake si hizi zetu. Herufi e hufanana na n, na ndiyo maana juu ya u huwekwa kijipinde ili msomaji asiichanganye na n. Herufi s ina maumbo zaidi ya moja. Herufi h hushuka chini ya mstari na kupanda juu yake kwa vitanzi. Mtu anaweza kuwa na Kijerumani kizuri na asiweze kusoma mstari mmoja.

Hapo mbinu ya kwanza kabisa, niliyokuwa nimeiweka kando, ilirudi kufaa. Nilikariri tena, safari hii kwa kunakili. Nilichukua jedwali la herufi, nikaandika jina langu kwa Kurrent, majina ya watoto wangu, majina ya vijiji vya Ungoni, hadi mkono ukajua kile ambacho jicho lilikuwa halijakijua. Ufunguo mkubwa zaidi ulikuwa Kiswahili chenyewe. Makarani na maofisa wa Kijerumani walijaza barua zao kwa maneno ya hapa, yameandikwa kwa tahajia yao: Schauri, Boma, Schamba, Akida, Jumbe, Askari. Mara nyingine waliyaandika kwa herufi za Kilatini tunazozijua, mara nyingine kwa Kurrent. Yale ya Kurrent yakawa mwalimu wangu. Nikiona neno ambalo kwa urefu na kwa nafasi yake haliwezi kuwa jingine ila Jumbe, nilikuwa nimepata herufi tano kwa mkupuo, na kwa herufi hizo nikasoma neno la jirani. Majina ya mahali yalinisaidia vilevile: Kilwa, Lindi, Songea. Mjerumani wa leo aliyefungua jalada hilo pembeni yangu alijua lugha kuliko mimi, lakini mbele ya maneno hayo alikwama, na mimi nikapita. Tukaanza kusaidiana.

Hii ndiyo mbinu ambayo walimu wengi wa lugha huwanyima wanafunzi: kutumia lugha unayoijua kuifungulia ile usiyoijua. Mwanafunzi haingii darasani mtupu. Mtoto wa Kitanzania anayeanza kufundishwa kwa Kiingereza sekondari anayo mantiki ya sayansi, historia na hesabu aliyoipata kwa Kiswahili kwa miaka yote ya msingi. Kumkataza asiitumie ni kumnyang'anya mali.

Nilipokuwa nikipanga mawazo yangu juu ya haya yote, nilisoma kitabu cha Rebecca Oxford cha mwaka 1990 kuhusu mbinu za kujifunza lugha. Alizigawa katika makundi sita: za kumbukumbu, za kuchakata lugha yenyewe, za kufidia usichokijua, za kupanga na kujitathmini, za kutunza hisia, na za kushirikiana na watu. Dodoso lake limetumika katika nchi nyingi. Niliyaona maisha yangu yakipita katika makundi yote sita. Lakini utafiti ulionigusa zaidi ni mwingine wa mwaka huohuo, wa Roberta Vann na Roberta Abraham. Wao hawakuwachunguza wanafunzi hodari. Waliwafuatilia wanawake wawili kutoka Saudi Arabia waliokuwa wakijifunza Kiingereza na wasiendelee. Wengi walidhani wanafunzi wa namna hiyo hawatumii mbinu. Watafiti walikuta kwamba walizitumia, tena kwa bidii. Kilichokosekana ni kulinganisha mbinu na kazi iliyokuwa mbele yao.

Matokeo hayo yanatakiwa yasomwe katika kila shule yetu, kwa sababu yanaondoa neno uvivu mahali pasipostahili. Ninawajua wanafunzi wa kidato cha kwanza wanaoamka alfajiri kukariri aya za Kiingereza wasizozielewa. Bidii wanayo. Wanatumia mbinu ya msimu mmoja katika msimu mwingine, na hakuna aliyewaonyesha nyingine. Badala yake, mlangoni mwa ofisi za walimu katika baadhi ya shule hubandikwa karatasi ya kumzuia asiyesema Kiingereza asiingie, na kwingine mtoto huvishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani. Kibao hakifundishi kitenzi hata kimoja. Kinafundisha kunyamaza, na anayenyamaza hana jinsi ya kujua alichokosa.

Kinachowezekana hakihitaji fedha nyingi. Mwalimu anaweza kutenga dakika chache za kipindi kuwaonyesha wanafunzi jinsi yeye mwenyewe anavyokisia maana ya neno jipya, akifikiri kwa sauti mbele yao. Anaweza kuwaagiza wafunge daftari na kuandika wanachokumbuka, kabla hawajalifungua tena. Anaweza kuweka pembeni mwa darasa vitabu vyepesi vya hadithi na kuwaacha wasome bila kuulizwa maswali. Anaweza kuwapanga wawili wawili, mmoja asome na kufunga kitabu, mwenzake asikilize. Anaweza kuruhusu Kiswahili kiingie pale dhana inapojengwa, na kudai Kiingereza pale dhana hiyo inaposemwa. Na anaweza kuwaandikisha kila mmoja shajara fupi ya kujifunza. Mwanaisimu Mmarekani Richard Schmidt aliweka shajara alipokuwa akijifunza Kireno nchini Brazili, na kutokana nayo aliona kwamba maumbo ya lugha aliyoanza kuyatumia yalikuwa hasa yale aliyoyagundua kwa kusikia watu wakiyatumia. Shajara humfanya mwanafunzi agundue. Mtihani wa mwisho wa muhula hauna nafasi ya kufanya hivyo.

Kwa anayejifunza peke yake, ushauri wangu ni huu. Anza na sababu, kwa maana sababu ndiyo itakayochagua mbinu. Anayetaka kuuguza wagonjwa Ujerumani na anayetaka kusoma barua za mwaka 1905 wanajifunza lugha moja kwa njia mbili. Kisha kila baada ya majuma machache jiulize swali ambalo Padre wangu aliniuliza kila nilipomwendea: ni jambo gani unaloliweza leo ambalo mwezi uliopita hukuliweza? Ukiwa na jibu, endelea na mbinu uliyo nayo. Ukikosa jibu, usijilaumu wala usiiache lugha. Iache mbinu. Ishukuru kwa ilichokupa, iweke mahali utakapoipata ukiihitaji tena, na uchukue nyingine.

Leo nasoma majalada yale polepole, kwa miwani na penseli, na bado kuna kurasa zinazonishinda. Lakini ninachokisoma ni changu, hakijapitia kinywa cha mwingine. Wajukuu wa waliopigana mwaka 1905 wanaweza kusoma yaliyoandikwa juu ya babu zao na kuyajibu kwa lugha yoyote wanayoitaka. Uwezo huo haukuhitaji kipaji cha kuzaliwa nacho. Ulihitaji mwalimu, mzee mvumilivu, vitabu vyepesi, boksi la kadi, na ujasiri wa kuacha lililokwisha kazi yake. Kila mtoto anayeketi leo katika darasa la kidato cha kwanza ana haki ya kuonyeshwa hayo mapema, kabla hajaamini kwamba lugha si yake.